Mgongano wa njia za mkato za kibodi

Mgongano wa njia za mkato za kibodi ni hali inayotokea kwenye kompyuta pale ambapo vitufe vilevile vimepewa kazi zaidi ya moja na programu tofauti. Mtumiaji anapovibonyeza, amri aliyoikusudia haitekelezwi, au inatekelezwa nyingine asiyoitaka: sauti inazimwa badala ya dirisha kufungwa, skrini inageuka kichwa chini, au herufi ngeni inajitokeza katikati ya neno. Kwa desturi njia ya mkato huandikwa kwa alama ya kujumlisha. Ctrl+S maana yake ni kushikilia kitufe cha Ctrl kisha kubonyeza S.

Wengi wanaokutwa na hali hii hudhani kibodi imeharibika, na wengine hufikia hatua ya kununua mpya. Mara nyingi kibodi ni nzima. Bonyezo limefika ndani ya kompyuta, ila limechukuliwa na mwingine njiani. Kwa hiyo swali la kwanza si "nibadilishe kitufe gani?" bali "nani amelichukua bonyezo langu?"

Historia

Kompyuta ya IBM PC iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na kibodi ya vitufe 83. Kumi kati ya hivyo, F1 hadi F10, vilikaa upande wa kushoto katika safu mbili. Havikuwa na herufi wala kazi ya kudumu. Kila programu ilivipa kazi iliyotaka. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitoa kibodi ya vitufe 101, ambayo vitufe vya F vilifikia 12 na kuhamishiwa juu, mahali vilipo hadi leo.

Uhuru huo ulizaa mchanganyiko mapema. Programu ya uandishi ya WordPerfect ilivitumia vitufe kumi vya F kwa njia nne: peke yake, pamoja na Shift, pamoja na Alt na pamoja na Ctrl. Hizo ni amri 40, nyingi mno kukumbukwa, na ndiyo sababu watumiaji waliweka juu ya kibodi ukanda uliochapishwa orodha ya amri hizo. Katika toleo la 5.1 la mwaka 1989, F3 ilileta msaada na F1 ilifuta amri iliyotolewa. Katika programu nyingine nyingi F1 ndiyo iliyoleta msaada. Aliyehama kutoka programu moja kwenda nyingine alilazimika kuvifunza vidole vyake upya.

Mwaka 1987 IBM ilitangaza kanuni zilizoitwa Common User Access, zikiwa na lengo la kuzifanya programu zifanane. Humo ndimo zilimopata nguvu F1 kwa msaada, Alt+F4 kwa kufunga dirisha na Shift+Insert kwa kubandika. Kwa upande mwingine Apple ilikuwa tayari imetumia, kwenye kompyuta yake ya Lisa ya mwaka 1983, herufi nne zinazofuatana katika safu ya chini: Z kwa kutendua, X kwa kukata, C kwa kunakili na V kwa kubandika. Microsoft ilizichukua herufi hizo, ikaziunganisha na Ctrl, na Windows 3.1 ya mwaka 1992 ikazieneza. Zile za zamani hazikufutwa. Hata sasa Shift+Insert hubandika maandishi katika programu nyingi za Windows, na wengi hawajui.

Ctrl+C yenyewe ilikuwa na kazi nyingine kabla ya hapo. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, Ctrl+C kwenye dirisha la amri husimamisha programu inayoendelea. Ndiyo maana katika dirisha hilo kunakili hufanywa kwa Ctrl+Shift+C. Mwanafunzi anayeanza Linux hukutana pia na Ctrl+S, ambayo kwenye dirisha la amri haihifadhi chochote bali husimamisha maandishi yasiendelee kutokea, desturi iliyorithiwa kutoka zama za mashine za kupiga chapa kwa mbali. Dirisha huonekana limeganda. Hakuna kilichoharibika; Ctrl+Q hulifungua.

Safari ya bonyezo

Bonyezo la kitufe ni kama barua inayopita kwenye meza za makarani kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Karani wa kwanza anayeona barua inamhusu huifungua, na walio nyuma yake hawapati hata habari kwamba ilifika.

Meza ya kwanza ni kibodi yenyewe pamoja na kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya mashine. Hapa ndipo kinapofanya kazi kitufe cha Fn. Meza ya pili ni mfumo wa uendeshaji, ambao una mabonyezo ambayo hauyaachii programu yoyote. Mfano mashuhuri ni Ctrl+Alt+Del. Mhandisi wa IBM, David Bradley, aliibuni kwa ajili ya kuiwasha upya kompyuta, na baadaye Windows NT ikaitumia kumhakikishia mtumiaji kwamba dirisha linalomwomba nenosiri ni la mfumo wenyewe na si la programu ya ulaghai. Kwa sababu hiyo hakuna programu ya kawaida inayoruhusiwa kuidaka. Mfumo ndio pia unaoamua, kwa kufuata mpangilio wa herufi uliochaguliwa, kwamba kitufe fulani ni A au ni Q.

Kisha kuna programu zinazofanya kazi chinichini: za kurekodi skrini, za kadi ya picha, za mazungumzo, za kutafsiri. Katika Windows, programu ya namna hii huweza kuomba bonyezo fulani liletwe kwake wakati wote, hata kama mtumiaji yumo ndani ya programu nyingine. Aliyewahi ndiye mwenye haki. Anayeomba baadaye hukataliwa. Hii inaeleza jambo linalowasumbua watu, yaani njia ya mkato iliyofanya kazi jana na leo haifanyi: programu zimewaka kwa mpangilio tofauti, na leo nyingine imetangulia.

Mwisho kabisa bonyezo hufika kwenye programu iliyo mbele ya macho ya mtumiaji. Ikiwa ni kivinjari, kuna meza moja zaidi, ile ya ukurasa wa wavuti uliofunguliwa. Ukurasa unaweza kulidaka bonyezo kama Ctrl+S, lakini vivinjari vingi hukataa kuuachia Ctrl+W au Ctrl+T, ili ukurasa usimzuie mtu kuufunga.

Kitufe cha Fn na vitufe vya F

Chanzo kilichoenea zaidi cha malalamiko ni kompyuta mpakato. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, watengenezaji wamevipa vitufe vya F kazi za pili: kupunguza mwanga, kuongeza sauti, kuzima kipaza sauti. Katika mashine nyingi za sasa kazi hizo ndizo zilizotangulizwa, na F halisi hupatikana kwa kushikilia Fn. Mtu anayetumia lahajedwali ya Excel akibonyeza F2 ili asahihishe seli huona mwanga wa skrini ukipungua. Akibonyeza F4 ili aweke alama za dola katika anwani ya seli, sauti inazimika. Alt+F4 nayo inadai kidole cha tatu.

Kwa kawaida Fn hushughulikiwa na kidhibiti cha ndani, na mfumo wa uendeshaji hauioni kabisa. Programu za kubadilishia vitufe haziwezi kuifanya lolote, na anayeitafuta kwenye orodha zake anapoteza muda. Mahali pa kurekebisha ni kwenye mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye mashine za HP chaguo hilo huitwa "Action Keys Mode", kwa Lenovo "HotKey Mode" na kwa Dell "Function Key Behavior". Kabla ya kufika huko inafaa kujaribu Fn+Esc, kwa kuwa kwenye mashine nyingi za Lenovo na Dell hiyo hufunga au kufungua Fn papo hapo. Baadhi ya ThinkPad, ambazo Fn yake imewekwa mahali ambapo wengi wanatarajia Ctrl, zina chaguo la kuvibadilishana vitufe hivyo viwili. Kwenye kompyuta za Apple kuna chaguo la kuvirudisha F1 hadi F12 ndani ya mipangilio ya kibodi.

Apple ilijaribu pia kuviondoa vitufe hivyo kabisa. MacBook Pro kadhaa za mwaka 2016 zilikuwa na ukanda wa kugusa, Touch Bar, mahali pa safu ya F, na hata Esc ikawa picha tu kwenye ukanda. Esc ya kubonyeza ilirudi mwaka 2019, na safu nzima ikarudi kwenye MacBook Pro kubwa za mwaka 2021.

Mpangilio wa herufi na neno "ng'ombe"

Mgongano mwingine huwagusa waandishi wa Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu yake, lakini kinahitaji ritifaa katika ng'. Windows ina mpangilio wa herufi uitwao "United States-International", uliotengenezwa kwa wanaoandika lugha kama Kifaransa, Kihispania na Kireno kwa kibodi ya Kimarekani. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa hakitoi alama papo hapo. Husubiri herufi inayofuata. Ikija irabu, viwili huungana. Matokeo yake "ng'ombe" huwa "ngómbe", "ng'ambo" huwa "ngámbo" na "kung'oa" huwa "kungóa". Anayetaka kubaki na mpangilio huo abonyeze nafasi mara baada ya ritifaa. Anayeandika Kiswahili na Kiingereza peke yake hana sababu ya kuwa nao. Achague mpangilio wa kawaida wa "US" na kuufuta huu mwingine.

Kibodi za Kiingereza nazo hazifanani. Katika mpangilio wa Marekani Shift+2 hutoa @, na katika ule wa Uingereza hutoa alama ya kunukuu. Alama ya @ iko karibu na kitufe cha Enter. Kompyuta iliyopangwa kwa njia moja huku vitufe vyake vimechorwa kwa nyingine humfanya mtu ashindwe kuandika anwani ya barua pepe. Ubaya zaidi uko kwenye nenosiri. Herufi zake hufichwa kwa nukta, kwa hiyo mwenye @ katika nenosiri lake hukataliwa tena na tena bila kujua kwamba anaandika alama nyingine. Njia rahisi ya kujipima ni kuliandika nenosiri hilo mahali linapoonekana, bila mtu mwingine karibu, kisha kulifuta.

Mipangilio miwili ikiwa imewekwa pamoja, Windows hubadili kutoka mmoja hadi mwingine kwa Alt+Shift. Ni rahisi kuigusa bila kukusudia, hasa kwa programu zenye njia za mkato zinazoanza na vitufe hivyohivyo. Inaweza kuzimwa katika mipangilio ya lugha. Kubadili kwa makusudi hubaki kwenye kitufe cha Windows pamoja na nafasi.

Kwa watumiaji wa AZERTY, kibodi ya Kifaransa ambayo hukutwa pia Kongo na Burundi, kuna la ziada. A na Q zimebadilishana nafasi, vilevile Z na W, hivyo Ctrl+Z haipo tena jirani na Ctrl+X. Alama ya @ hupatikana kwa kushikilia AltGr na kitufe cha 0, na Windows huihesabu AltGr kuwa sawa na Ctrl+Alt. Programu iliyojitwalia Ctrl+Alt+0 humnyima mtumiaji huyo alama ya @.

Kumtambua mgombani

Uchunguzi huanza kwa kujaribu kitufe mahali pengine. Notepad ya Windows inafaa, kwa kuwa F5 humo huandika saa na tarehe. Tarehe ikitokea, kitufe kimepita salama na mgogoro uko kwenye ile programu ya kwanza. Mwanga au sauti ikibadilika, jambo ni la Fn. Pasipotokea kitu chochote, yamkini kuna programu ya chinichini iliyolichukua bonyezo.

Hizo za chinichini hufungwa moja baada ya nyingine, kuanzia zenye picha ndogo karibu na saa, na kitufe kujaribiwa kila baada ya kufunga. Ni kazi ya subira, lakini ndiyo njia ya uhakika. Katika kivinjari cha Chrome, njia za mkato za viendelezi vyote huonekana kwa kuandika chrome://extensions/shortcuts mahali pa anwani. Kwenye Mac, dirisha la njia za mkato huweka pembetatu ya njano penye mgongano. Kihariri cha msimbo Visual Studio Code kina orodha inayoweza kuonyesha amri zote zenye vitufe vilevile, na ni mfano ambao programu nyingine zingefaa kuuiga.

Kisa kinachojulikana katika maabara nyingi za kompyuta ni skrini iliyogeuka kichwa chini. Programu ya kadi za picha za Intel kwa miaka mingi iliitumia Ctrl+Alt pamoja na vishale kuzungushia skrini. Ctrl+Alt na kishale cha juu huirudisha, na njia hizo huweza kuzimwa ndani ya programu hiyo ya Intel. Katika Linux, Ctrl+Alt pamoja na kitufe cha F humpeleka mtu kwenye skrini nyeusi ya amri. Kazi yake haijapotea. Hurudi kwa kujaribu Ctrl+Alt+F1, F2 au, kwenye mifumo ya zamani, F7.

Kupanga upya vitufe

Akishajulikana mgombani, hatua nyepesi ni kumwondolea yeye dai lake, badala ya kubadili kibodi nzima. Microsoft Word huruhusu kila amri kupewa njia nyingine, na dirisha lake huonyesha vitufe hivyo vinatumika wapi kwa sasa. LibreOffice nayo hufanya hivyo. Excel ya Windows haina dirisha la aina hiyo. Anayechagua vitufe vipya aepuke vile vya kitufe cha Windows, ambavyo Microsoft imevihifadhi kwa mfumo, na F12 kwa programu ya chinichini, kwa kuwa imetengwa kwa kazi ya kutafuta hitilafu za programu.

Kubadili kitufe chenyewe ni jambo jingine. Katika Windows kuna njia mbili zenye tofauti kubwa. Ya kwanza ni PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, ambayo sehemu yake ya kupanga kibodi ilitolewa mwaka 2020. Huweza kubadili kitufe kimoja au njia ya mkato, hata kwa programu moja tu. Lakini hufanya kazi pale tu inapokuwa imewaka. Kwenye skrini ya kuingilia bado haijaanza.

Ya pili ni kuandika badiliko katika rejista ya Windows, kwenye thamani iitwayo Scancode Map. Programu ndogo ya SharpKeys hufanya hivyo bila mtumiaji kuandika tarakimu mwenyewe. Badiliko huanza baada ya kompyuta kuwashwa upya, na huwahusu watumiaji wote wa mashine hiyo, jambo la kufikiriwa kabla ya kulifanya kwenye kompyuta ya shule.

Tofauti hii ina uzito kwa mwenye kompyuta iliyotumika ambayo kitufe kimoja kimekufa kweli. Ikiwa A haifanyi kazi na nenosiri lina herufi a, PowerToys haitamsaidia kuingia. Scancode Map iliyoigeuza Caps Lock kuwa A itamsaidia, kwa sababu hutumika kabla ya kuingia. Mpaka hapo badiliko lifanyike, kibodi ya kwenye skrini, inayopatikana katika alama ya huduma za ufikivu kwenye skrini hiyohiyo, humwingiza kwa kutumia kipanya.

Caps Lock ndiyo inayobadilishwa zaidi, maana iko mahali pazuri na kazi yake ni ndogo. Kwenye Mac hugeuzwa kuwa Control ndani ya mipangilio ya kibodi bila programu ya ziada. Katika Linux inayotumia X11, amri ya setxkbmap -option ctrl:nocaps hufanya hivyo hadi mtumiaji atakapotoka.

Watumiaji wasioona

Kwa mtu anayeona, mgongano ni usumbufu, maana kipanya kipo. Kwa asiyeona, kibodi ndiyo mlango pekee, na programu ya kusoma skrini inayomsaidia ina amri nyingi za kwake. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa na Michael Curran wa Australia mwaka 2006, hutumia Insert au Caps Lock kama kitufe chake kikuu. JAWS hutumia Insert. Kompyuta mpakato nyingi zimeificha Insert nyuma ya Fn, au zimeiondoa, na hapo kuichagua Caps Lock huwa lazima.

Programu inayosomwa ikitumia vitufe vilevile, NVDA hushinda kwa kuwa iko mbele kwenye foleni. Ili bonyezo lipite bila kudakwa, mtumiaji hubonyeza kitufe cha NVDA pamoja na F2, kisha bonyezo analolitaka. Kwa JAWS ni Insert+3. NVDA ina pia dirisha la kubadilishia amri zake moja moja.

Kurasa za wavuti zinazofanya amri kwa herufi moja tu, bila Ctrl wala Alt, huleta taabu pia kwa wanaoiamrisha kompyuta kwa sauti: neno moja lililosikika vibaya huweza kufanya amri kadhaa mfululizo. Toleo la 2.1 la miongozo ya ufikivu ya shirika la W3C, lililotolewa mwaka 2018, linadai kwamba njia za mkato za namna hiyo ziweze kuzimwa au kubadilishwa, au zifanye kazi tu wakati sehemu inayohusika ya ukurasa ndiyo iliyochaguliwa.